Kabla ya Kukata Jerikani: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Vyombo vya Jikoni

Wengi wanaoanza kazi hii hapa Kampala hukimbilia jerikani za manjano za lita 20, nao hawakosei, kwa maana zile zilizokuja na mafuta ya kupikia hutengenezwa kwa polithini ngumu, ambayo haivunjiki upesi na hukubali kisu, msumeno na tupa. Hata hivyo, kabla ya kununua iliyokwisha kutumika, muulize muuzaji ilibeba nini. Plastiki hii hunywa petroli, mafuta ya taa na dawa za mimea hadi ndani ya ukuta wake, na sabuni haiyatoi. Ifunge, iache juani, kisha ifungue unuse. Lakini kwa kuwa dawa nyingine hazinuki, muuzaji akibabaika kujibu, iache.

Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya alama ya pembetatu. Namba 2 ndiyo polithini ngumu, na namba 5 ni polipropilini. Kwa vikwangulio vya unga na faneli, sitafuti nyingine. Ya kwanza huyeyuka karibu na nyuzijoto 130 za Selsiasi, lakini hulegea mapema zaidi, kwa hiyo isikae kando ya sufuria inayochemka, ilhali ya pili hufika karibu na 160 na huvumilia maji ya moto. Namba 1, ya chupa za maji na soda, hujikunja hata kabla maji hayajachemka. (Kwa sababu hiyohiyo ya joto, siwaungi mkono wanaofunika matoke kwa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, badala ya majani ya mgomba.) Namba 3, ya mabomba, usiichome kamwe, kwani moshi wake una gesi ya asidi inayounguza koo na mapafu. Alama ikifutika, tumbukiza kipande majini: 2 na 5 huelea, 1 na 3 huzama.

Toboa tundu dogo mwisho wa kila mkato, maana ufa huanzia kwenye pembe kali. Keekee izunguke polepole. Ikikimbia, chembe huyeyuka na kuganda kwenye ncha. Ukingo ulainishe kwa kuukwangua na kisu kilichosimamishwa wima, kwa sababu msasa huacha nyuzinyuzi ambazo huishia kwenye chakula. Gundi za kawaida hazishiki plastiki hizi, kwa hiyo unganisha kwa bolti za chuma cha pua zenye washa pana, ukizikaza kwa kiasi, kwani plastiki hubonyea taratibu, na bolti iliyokazwa mno leo utaikuta imelegea baada ya wiki chache.