Jibu: Vumbi uwanja wa motokrosi ingawa tunamwagilia asubuhi

Habari mkuu. Unasema uwanja wenu wa motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) mnaumwagia maji alfajiri, ila saa nne vumbi limeshatanda na kona zinateleza. Kwanza piga jembe pale konani. Naamini vidole viwili chini utakuta pakavu kabisa.

Tifueni kwa trekta sentimita 10 hadi 15, kisha mwagilieni jioni ya kuamkia mashindano, kidogo kidogo, udongo unywe usiku kucha. Finya konzi moja ya udongo: ukishikamana na ukiudondosha ukapasuka, inatosha. Ukinata kiganjani, acheni.

Asubuhi ni kunyunyizia tu, na tafadhali msilowanishe miinuko ya kurukia, tairi likiteleza pale mtu anavunjika.

Udongo wenu ni mwekundu au mfinyanzi mweusi? Mweusi ukizidishiwa maji huganda kwenye matairi.