Kuanza uhunzi nyumbani Tanga: fuawe, moto, na kwa nini kisu kisubiri

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama laki tatu zinatosha kuanza kufua chuma nyumbani kwako Makorora, kama ni lazima uagize fuawe (chuma kizito cha kufulia juu yake) ya dukani, na kama kazi yako ya kwanza inaweza kuwa kisu. Laki tatu zinatosha ukiwa tayari kuzunguka kwa wauza skrepa. Fuawe usiagize. Kisu kiweke kando kwanza. Mimi kazi yangu ni ya ofisini, uhunzi naufanya mwisho wa wiki uani kwangu hapa hapa Tanga, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayefua kwa mapenzi.

Anayeanza na kisu anajitwisha kufua, kunyoosha, kutia matiko (kukipa chuma ugumu kwa kukipasha na kukichovya) na kunoa kwa mpigo mmoja. Kikipinda au kikipasuka hajui kosa limeanzia wapi. Anayeanza na fimbo ndefu ya chuma laini anajifunza moto, na moto ndio uhunzi wenyewe. Tena fimbo ikiwa na urefu wa mkono mzima, huhitaji koleo: unashika upande wa baridi, unafua upande wa moto. Wengi wanasema koleo ndiyo kazi ya kwanza ya mhunzi. Sikubaliani nao. Koleo ina jicho, ribiti na taya mbili zinazopaswa kukutana sawasawa, mtu mpya atakata tamaa.

Sasa fuawe. Video zitakwambia tafuta kipande cha reli. Mji wetu una reli tangu ujenzi ulipoanzia hapa mwaka 1893, na haishangazi mtu akija kukunong'oneza kuwa anacho kipande. Usinunue. Reli ni mali ya umma, na ukikutwa nayo bila karatasi halali ni kesi. Tafuta ekseli ya nyuma ya lori, ile iliyokatika, yenye kichwa kipana cha duara na matundu ya nati. Ichimbie ndani ya gogo zito la mwembe au mkwaju, kichwa kikae juu. Piga katikati, pale ambapo uzito wa chuma uko chini ya nyundo. Matundu ya nati yatakusaidia kupindia fimbo na kutobolea. Kimo chake: simama wima, kunja ngumi, acha mkono uning'inie, uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa juu zaidi utaumia bega, ikiwa chini zaidi mgongo.

Nyundo moja ya kilo moja inatosha, yenye upande mwembamba nyuma. Kingo zake zilainishe kwa tupa, maana kingo kali zinaacha alama kwenye chuma ambazo hutaziondoa. Ongeza jiliwa (kibanio cha mezani) iliyochoka, brashi ya waya, tupa mbili, na sumaku ya spika mbovu ya redio. Grainda inaweza kusubiri.

Jiko jenga kwa ringi la gari na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu. Uache ukauke kabisa kabla ya moto mkali. Jambo moja la sisi watu wa pwani: usitumie mawe ya matumbawe wala zege kuzungushia moto. Matumbawe yakipata joto kali yanageuka chokaa na kumeguka, na zege lenye unyevu linaweza kuruka vipande usoni. Upepo pata kwa feni ndogo, au fanya kama wahunzi wetu wa mitaani: gurudumu la baiskeli lenye mkanda unaozungusha kipangaboi. Mimi napenda hilo la baiskeli kwa sababu ukiacha kuzungusha, moto unapoa na mkaa hauishi bure.

Mkaa wa kawaida unafaa, ila jaribu wa vifuu. Akina mama wanaokuna nazi wanavitupa kila siku. Vichome ndani ya pipa, moshi mweupe ukipungua funika pasiingie hewa mpaka vipoe. Mkaa wake ni mgumu na una joto kali. Makumbi yafanye ya kuwashia.

Hapa ndipo nataka ukae sana. Usiweke chuma karibu na tundu la upepo. Hewa inakila na kukijaza magamba. Kilaze katikati ya mkaa, na mkaa mwingine ukifunike juu. Fanyia kazi kivulini, maana jua letu la saa sita linaficha rangi na utadhani chuma bado hakijaiva. Chuma laini kifue kikiwa na rangi ya chungwa kuelekea manjano. Kikirudi wekundu wa giza, acha, rudisha motoni. Ukiona kinatoa cheche kama fataki kikiwa ndani ya moto, kimeungua, kata kipande hicho utupe.

Kazi ya kwanza: ndoana za kutundikia sufuria, kwa raundi ba (fimbo ya chuma ya mviringo) ya milimita 8. Chonga ncha, pinda, ncha ya pili ipinde upande wa pili. Fua nyingi, mpaka zifanane.

Kazi ya pili ndiyo ninayoipenda: ulimi wa mbuzi ya nazi. Chukua fleti ba (chuma bapa) ya upana wa inchi moja na unene wa milimita 5. Pasha ncha, kisha ibane shingo kwa kuipiga ubavuni mpaka iwe nyembamba kuliko kidole gumba. Rudisha motoni. Geuza nyundo, tumia upande mwembamba, piga ncha kuanzia katikati kwenda nje, mapigo yafuate umbo la kipepeo. Chuma kitatawanyika kila upande na kuwa nusu duara. Kipinde kidogo kuelekea juu, kiache kipoe taratibu kwenye majivu ili kiwe laini, ndipo uchonge meno kwa tupa ya pembe tatu. Toboa matundu mawili nyuma ya kukifungia kwenye ubao. Mpe mtu wa jikoni akune nazi nacho, atakwambia palipokosewa haraka kuliko mimi.

Ukishafika hapo nenda kwa mafundi springi wa malori. Bapa zilizovunjika ni pua nzuri, yaani chuma kinachoshika matiko, na hapo unaweza kuanza tindo. Kabla ya kuamini chuma cha skrepa, kata kipande kidogo, kipashe mpaka sumaku isikishike, endelea kidogo tu, kichovye majini, kisha kikishapoa kibane kwenye jiliwa ukigonge. Kikipinda ni chuma laini, hakitashika matiko. Kikikatika na ndani kina punje ndogo za kijivu, umepata. Vaa miwani, vipande vinaruka. Nondo usiitegemee kwa makali. Moja inashika, ya pili haishiki.

Tindo ya springi, ukishaipasha kama kile kipande cha majaribio, izimishe kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa vuguvugu, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, kwa sababu mafuta huwaka. Oili chafu ya gari achana nayo, moshi wake ni mbaya. Baada ya hapo sugua ncha ing'ae, pasha nyuma yake taratibu utazame rangi zikitembea: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ikifika kwenye ncha, chovya.

Usichome chuma kilichopakwa zinki: mabomba ya maji, mabati, nati nyingi za dukani. Moshi wake unaleta homa kali na kubana kifua. Usivae nguo ya poliesta, vaa pamba, na suruali ifunike kiatu. Usifue chini ya paa la makuti, wala kama jirani ana makuti upande unakoelekea upepo. Chuma cheusi kilicho chini ya fuawe chukulia ni cha moto mpaka kiganja, kikiwa mbali kidogo, kikuhakikishie vinginevyo.

Kutu ya upepo wa bahari haina huruma. Kazi ikiwa bado ina joto la kuyeyusha nta, paka nta ya nyuki kisha futa kwa kitambaa. Mafuta ya nazi yanafaa kwa ulimi wa mbuzi unaotumika kila siku, lakini hayakauki, kwa hiyo kwa ndoana za ukutani tumia nta.

Ukipata ekseli, piga picha kichwa chake uiweke hapa kabla hujaikata, nikuonyeshe pa kukatia.