Maswali yenu: Dege la mtoto na dawa za dharura

Mjukuu wangu alishikwa na dege (degedege). Zahanati wakamtia dawa njia ya haja kubwa badala ya kumchoma sindano. Walimwonea? – Bibi, Ujiji

Shikamoo bibi. Hawakumwonea. Mshipa wa mtoto anayetetemeka haupatikani kirahisi, na diazepamu, dawa ya kutuliza dege, ikichomwa msulini hufika kwenye damu kwa kusuasua. Ikitiwa nyuma, kwa bomba lililotolewa sindano, hutuliza dege ndani ya dakika chache. Kipimo ni nusu miligramu kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 5. Kisha hubanwa makalio kidogo, dawa isirudi nje. Penye midazolamu, dawa nyingine ya dege, hudondoshewa kati ya shavu na ufizi, au puani, na nguo havuliwi.

Wazee wanasema mwenye dege akichomwa sindano anakufa, nami nilianza kwa kumfukiza. – Mama, Urambo

Maneno hayo yana chanzo. Mtoto huzungushwa kwa waganga hadi malaria imepanda kichwani na sukari imeshuka. Anafikishwa hospitali usiku, anachomwa, anakata roho, na lawama zote zinaiangukia sindano. Tuseme ukweli: kilichomuua ni kuchelewa.

Dawa ya dege huzima dege tu, vimelea haivigusi. Ndiyo maana huku kwetu Tabora na Kigoma, ambako malaria bado imetamalaki, mtoto mwenye homa na degedege hupimwa malaria na sukari palepale. Malaria kali inataka atesuneti, dawa inayoua vimelea vyenyewe. Zahanati iliyo mbali na hospitali inaweza kumtia atesuneti ya njia ya haja kubwa, kama hajafikisha miaka 6, kisha ikampa rufaa. Moshi unamnyima hewa mtoto ambaye tayari anapumua kwa taabu. Dua ya mzee sina ugomvi nayo, ila isomwe juu ya bodaboda.

Walimtia diazepamu mara mbili, dege halikukoma, wakakataa ya tatu. Kwa nini? – Baba, Kasulu

Dozi ya pili hutolewa kama dakika 10 baada ya ya kwanza. Ukiendelea kuongeza, pumzi inaweza kukatika. Hapo hubadilishwa dawa: fenobabitali, fenitoini, au levetirasetamu kwa hospitali zilizo nayo, ikiingizwa mshipani taratibu. Fenobabitali juu ya diazepamu nayo hulegeza pumzi, basi mtoto huyo asiachwe bila mwangalizi na oksijeni.

Nimtie kijiko mdomoni? – Nzega

Usimtie. Wala maji, wala panadol. Mlaze ubavu, tazama saa. Dakika 5 zikipita, au dege likirudi kabla hajazinduka, hiyo ni dharura. Hata likikoma mapema, mpeleke siku hiyohiyo.

Ninunue vidonge vya Valium niweke ndani? – Sikonge

Valium ndiyo hiyo diazepamu. Aliye kwenye dege hamezi kidonge, atapaliwa. Dawa ya kuweka nyumbani huandikiwa mtoto ambaye dege humrudia mara kwa mara au lake huchukua muda mrefu, na mzazi huonyeshwa kwanza namna ya kuitia.