Fundi wa kulipwa Jumamosi naye ni mfanyakazi

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni mkandarasi mdogo, najenga hosteli Iyumbu, Dodoma. Nina mafundi sita na saidia tisa, wote vibarua. Nawalipa Jumamosi jioni, wanasaini kwenye kauntabuku. Fundi mmoja wa plasta nilianza naye Machi, kwa mdomo tu. Oktoba plasta ikaisha, nikamwambia Jumatatu asije. Sasa nimeletewa wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anadai notisi, likizo na saa za ziada. Kibarua naye ana madai hayo? Halafu juzi saidia mmoja ameteleza kwenye mirunda, kavunjika mkono. Hospitali nimelipa mimi. Je, nimemalizana naye?
Mkandarasi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wito, kwa sababu una tarehe. Nenda mwenyewe. Usimtume foremani akaseme bosi kasafiri. Usipotokea kwenye usuluhishi, shauri linaweza kuamuliwa bila wewe, na hapo kauntabuku yako haitakusaidia kitu.

Sasa hilo la kibarua. Huyo fundi alikuwa anafika saiti saa uliyopanga wewe. Foremani wako ndiye aliyemwonyesha ukuta wa kuanza nao. Saruji, mchanga, toroli na mirunda ni vyako. Chake pengine ni mwiko tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inataja dalili kadhaa: unamwelekeza kazi, unampangia saa, unampa vitendea kazi, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu ya mwisho. Ikionekana hata moja, anahesabiwa mfanyakazi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kumlipa Jumamosi hakubadilishi chochote. Na kwa kuwa hamkuandikiana, akidai mlikubaliana hivi na wewe ukakataa, mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Amevuka miezi sita, kwa hiyo huwezi kumwachisha bila sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu unayo, plasta imeisha. Utaratibu ndio haupo: ilikupasa umjulishe mapema kwamba kazi inakwisha, mkae mzungumze, kisha umpe notisi. Kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, ukishapita mwezi wa kwanza, notisi ni siku 4 tu. Siku nne, mwanangu! Kukosa hizo ndiko kunakokupeleka kwenye meza ya Tume.

Likizo hesabu hivi: siku moja ya malipo kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Kauntabuku ikionyesha siku 182, ni siku 14. Saa za ziada zina ugomvi zaidi, maana daftari lako lina siku na sahihi lakini halina saa. Kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, bila kuhesabu mapumziko ya chakula. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Zege la slabu haliachwi njiani, na siku kama hiyo watu hutoka usiku. Kama nawe ulikuwa na siku za namna hiyo, kaa na foremani mzikumbuke moja moja kabla ya tarehe. Ukifika, toa hesabu yako ya kweli na upendekeze kulipa. Nilipokuwa afisa kazi nilikagua saiti nyingi, na fundi aliyekuja na hasira niliona akilainika akishaonyeshwa karatasi yenye hesabu iliyo wazi.

Kazi inayofuata, andika mkataba wa kazi maalumu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: kupiga plasta ndani na nje, jengo gani, kiwanja gani, malipo kiasi gani, saa za kazi, na kazi itahesabika imeisha lini. Asiyejua kusoma asomewe na aelezwe, na nakala aondoke nayo. Kwenye kauntabuku ongeza safu mbili, saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Kwa saidia aliyevunjika mkono, hujamalizana naye. Ajali ya kazini inatolewa taarifa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ndani ya siku 7. Umesema juzi, basi usiilaze taarifa hiyo. Kama hukujisajili, jisajili. Mchango ni wa mwajiri peke yake, usimkate mtu hata shilingi. Tunza risiti zote za hospitali. Huyo kijana hawezi kunyanyua koleo kwa sasa, na nyumbani kuna watu wanaosubiri Jumamosi yake. Ndiyo maana naisisitiza hii kuliko hata ile kesi.

SWALI: Nawanunulia saidia wangu gambuti na kofia ngumu, kisha nakata kidogo kidogo kwenye malipo. Wamekubali. Kuna tatizo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Lipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka uvitoe kwa gharama zako, na kukubali kwao hakuondoi wajibu huo. Warudishie ulichokata, wasaini wamepokea, na bei ya vifaa hivyo uiweke kwenye makadirio ya zabuni yako ijayo, pamoja na saruji na nondo.