Jogoo au tetea? Tazama manyoya ya kiunoni

Muuzaji akikuapia kwamba vifaranga wake wa kienyeji wa mwezi mmoja ni matetea watupu, mwulize amejuaje. Vifaranga hutambulika kwa rangi siku ya kwanza iwapo tu wazazi wao walipandishwa kwa kusudi hilo. Kwa kuku wa mayai wa kahawia kama ISA Brown, jike hutotolewa akiwa wa hudhurungi na dume akiwa wa njano iliyopauka. Ukiwazalisha hao nyumbani, alama hiyo haipatikani tena kwa watoto wao. Kumning'iniza kifaranga kwa miguu ili kujua jinsia yake, au kuatamisha mayai ya mviringo ukitarajia matetea, ni kazi bure.

Kuanzia wiki ya 3 au 4, jike huwahi kuota manyoya ya mkia na mgongo, huku dume akibaki na mgongo wazi. Ni dokezo tu.

Wiki ya 6 hadi 8 watu wengi huamua kwa upanga, ile nyama nyekundu ya utosini: wa dume huwa mnene na mwekundu, wa jike mdogo na umepauka. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kuku wa aina ya Kuchi ana upanga mfupi uliolala, hivyo dume lake huuzwa kama tetea. Pora, yaani jogoo mchanga, aliyedumaa kwa minyoo au ugonjwa wa koksidia naye hupauka. Tetea anayekaribia kutaga, kwa upande wake, huwa mwekundu kichwani kama jogoo. Kwa hiyo linganisha kuku waliototolewa siku moja, wa aina moja, wanaokula chakula kimoja. Vinundu vya miguuni vinavyokua kuwa vipi (kucha za nyuma za kupigania) usivitegemee kabisa. Majike pia wanavyo.

Alama ya kuaminika huja wiki ya 10 hadi 12. Ingia bandani usiku na tochi, kuku wakiwa wametulia. Mshike kuku mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, kisha pekua manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya dume ni membamba, marefu, yanang'aa na yamechongoka kama mkuki. Ya jike yana ncha ya mviringo. Angalia yale mapya yanayochomoza, kwa sababu ya utotoni huwa ya mviringo kwa wote. Ukiona hata machache yaliyochongoka, huyo ni pora. Usipoyaona, mfunge uzi wa rangi mguuni umkague tena baada ya wiki 2. Kuku wa aina ya kidimu atakusumbua, maana manyoya yake yamejikunja. Huyo msubiri awike.

Lakini ukimya nao si ushahidi. Pora mmoja huanza kukwaruza sauti akiwa na wiki 8, mwingine hunyamaza hadi mwezi wa 5 kwa kumwogopa jogoo mkubwa.

Ukishawajua, watenge kabla mapora hawajaanza kuwapanda na kuwachubua matetea. Bakiza jogoo 1 kwa matetea 8 hadi 10, na mwache wa akiba mmoja kama nafasi ipo. Wengine wanenepeshe kwa chakula cha kukuzia. Chakula cha kutagia wasipewe, kwani chokaa yake ni nyingi mno na huumiza figo za kuku asiyetaga, matetea wachanga wakiwemo.