Mita, Mkataba na Fomu: Maswali Yenu Kuhusu Uendelevu Kazini

Maswali ya safari hii yanafanana kwa jambo moja: wengi mnataka kujua namna ya kujaza ripoti. Nitajibu, ila nitawarudisha kila mara kwenye mita na kwenye meza ya manunuzi, maana huko ndiko mambo yanakoamuliwa.

Nimekabidhiwa uendelevu wa kiwanda, lakini bajeti sijapewa. Nianzie wapi?

Anza siku ambayo mashine zimezimwa. Nenda na fundi wa zamu, simameni kimya msikilize. Ule mlio wa "sss" ni hewa ya kompresa (mashine ya kushindilia hewa) inavuja, na hewa hiyo ni umeme mliokwisha kuulipia. Pasipotunzwa mabomba, si ajabu robo ya kazi ya kompresa kupotelea kwenye matundu. Kisha someni mita: kama matumizi ya siku ya mapumziko hayashuki sana, kuna kitu kimeachwa kinawaka.

Baada ya hapo tazameni feni na pampu. Nyingi huendeshwa kwa kasi yote huku upepo au maji yakibanwa na vali, kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Umeme unaoliwa na feni hupungua haraka kuliko kasi yake: punguza kasi kwa asilimia 20, nayo itakula karibu nusu tu ya umeme wa awali. Kifaa cha kudhibiti kasi kina gharama, naam. Akiba ya kuziba matundu ndiyo bajeti yako ya kwanza.

Mnunuzi wetu mkubwa anadai takwimu za "skopu 3". Ni kitu gani?

Ni istilahi ya GHG Protocol, mwongozo wa kuhesabu gesi joto uliotoka mwaka 2001. Skopu 1 ni moshi wenu wenyewe: boila, jenereta, malori. Skopu 2 ni umeme mnaonunua. Skopu 3 ni yote yaliyobaki, tangu malighafi inapochimbwa au kuvunwa hadi bidhaa inapotupwa. Mwaka 2011 iliwekewa mwongozo wake wenye makundi 15. Moshi wenu na umeme wenu vinaingia kwenye skopu 3 ya huyo mnunuzi, kwa hiyo hajawaonea.

Usihangaike na makundi yote 15. Chukua manunuzi yenu matano makubwa, kadiria kwanza kwa fedha mlizotumia, halafu waombe wasambazaji kilo na uniti halisi. Makadirio ya fedha yana kichekesho chake: ukihamia kwa msambazaji safi zaidi lakini ghali, hesabu itasema umechafua zaidi. Ndiyo maana hayafai kuwa mwisho wa safari.

Tunawakagua wasambazaji kila mwaka na wote hufaulu. Tuko salama?

Wote kufaulu ndiko kunakonitia wasiwasi.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka nchini Bangladesh na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji. Baadhi ya viwanda vilivyokuwamo vilikuwa vimepitia ukaguzi wa kijamii, yaani wa hali za wafanyakazi. Fomu zile hazikuandaliwa kupima nguzo na zege. Nyufa zilionekana siku moja kabla; benki na maduka ya chini yakafungwa, washonaji wakaamriwa warudi kazini. Amri ya namna hiyo haionekani kwenye ukaguzi wa siku mbili uliotangazwa mapema.

Sasa jiulizeni ninyi wenyewe. Ofisa manunuzi wenu hubadilisha oda wiki ngapi kabla ya shehena kuondoka? Hulipa baada ya siku ngapi? Bei aliyoibana mara ya mwisho ilitosha kulipa saa za ziada? Msambazaji aliyebanwa hivyo hupeleka kazi kimyakimya kwenye karakana ambayo mkaguzi wenu hajawahi kuisikia, kisha siku ya ukaguzi anawapokea kwenye jengo safi. Linganisheni oda mlizompa na idadi ya mashine zake: zikizidi uwezo wake, kuna kazi inafanyika pengine. Hesabu hiyo ni ya mchana mmoja.

Na msikimbilie kumfuta anayekiri tatizo. Mkimfukuza mmoja kwa kusema kweli, mmewafundisha wengine wote kudanganya. Mpeni muda, gharama mgawane, na mkataba useme hivyo.

Bosi anasema ubunifu wetu mwaka huu ni vifungashio vinavyooza. Una maoni gani?

Muulize vinaozea wapi. Plastiki nyingi za aina hiyo, kama PLA, zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Bila mtambo huo, hutupwa na takataka nyingine na kukaa huko muda mrefu. Ningeanza na swali la kizamani kidogo: kifungashio kinaweza kupunguzwa, au kurudi kujazwa tena? Halina mvuto wa tangazo, najua.

Tukinunua mikopo ya kaboni (si deni, bali vyeti vya kufadhili miradi ya kupunguza gesi joto kwingine), tunaweza kuandika "haina athari kwa tabianchi" kwenye bidhaa?

Hapana. Kama mnauza Umoja wa Ulaya, sheria iliyopitishwa huko mwaka 2024 inapiga marufuku madai ya namna hiyo kwa bidhaa yakiegemea mikopo ya kaboni, nayo ilipangwa kuanza kutumika Septemba 2026. Hata kwingineko msiandike. Mkiwa na fedha za kununua mikopo, andikeni tu mmefadhili mradi gani na kwa kiasi gani, na hesabu ya moshi wenu ibaki kama ilivyo.