Usiisubiri Hofu Itoke: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa utulivu. Unaniambia kwamba umependekezwa kukiongoza kitengo chenu, kwamba wadhifa huo utakulazimu kusimama kila mwezi mbele ya wakurugenzi na kutoa taarifa, na kwamba tangu ulipoambiwa habari hiyo usingizi umekuwa wa shida. Kisha unauliza: "Mama, nifanyeje ili hofu hii initoke kabla sijakubali?" Jibu langu ni kwamba usiisubiri itoke. Hofu ya namna hiyo hupungua baada ya mtu kulitenda jambo analoliogopa, na tena baada ya kulirudia; anayengoja itulie ndipo aanze, aghalabu haanzi.

Wala usijione dhaifu kwa sababu moyo unakwenda mbio na viganja vinatoa jasho. Hiyo ni adrenalini, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo ili kuuandaa mwili kupambana au kukimbia, na haimwombi mtu ruhusa. Mwaka 1872 Charles Darwin, mwanasayansi aliyebobea, alieleza jinsi alivyousogeza uso wake karibu na kioo kinene kilichomtenga na nyoka aina ya kifutu katika bustani ya wanyama ya London, akiwa ameazimia kwa dhati asirudi nyuma. Nyoka aliporuka kugonga kioo, Darwin alijikuta amekwisha kurukia nyuma, ingawa alijua fika kwamba hawezi kuumwa. Ndiyo maana sioni faida ya wewe kukesha ukijiambia kwamba hakuna cha kuogopa, kwa kuwa mwili hausadiki maneno matupu.

Mwili husadiki yale unayoyapitia. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha habari za mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Hakumhubiria mtoto yule wala hakumlazimisha. Mtoto alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, hata ikafika wakati mtoto akawa anamshika bila woga. Kinyume chake ndicho kinachonitia wasiwasi juu yako. Kila unapoahirisha jambo unaloliogopa, unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha mwili kwamba umeokoka kwa sababu umekimbia. Safari inayofuata hofu inakuja na nguvu zaidi, huku eneo unalothubutu kulikanyaga likizidi kuwa finyu. Nimewaona watu wenye vipawa wakipunguza maisha yao kwa njia hiyo, pole pole, bila mtu yeyote kuwafukuza popote, na naumia nikifikiri kwamba wewe unaweza kuwa mmoja wao.

Sisemi kila hofu ipuuzwe. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na walikuwa na haki. Ukiombwa jambo linalohatarisha uhai wako, afya yako au uadilifu wako, isikilize hofu na uondoke. Lakini hapa kinachotishiwa ni heshima yako mbele ya watu kwa muda wa kikao kimoja, na heshima iliyojeruhiwa hupona.

Sasa chukua karatasi uandike kila ambacho hofu inakuambia, kwa maneno yake yenyewe. "Nitaulizwa swali nisilolijua." Hapo pana kazi ya kufanya: zipitie takwimu za kitengo chako mpaka uweze kueleza kila moja imetoka wapi, na ujizoeze kutamka kwa sauti kwamba jibu fulani utalileta baada ya kulihakiki. "Sauti itatetemeka." Hilo huna haja ya kulizuia, acha itetemeke, endelea kusoma taarifa, kwani wasikilizaji hawauoni mtetemo kwa ukubwa unaouhisi wewe. Hapa ndipo hofu inapogeuka kuwa nguvu, kwa maana inakuonyesha mahali hasa pa kujiimarisha, na ule msisimko unaokunyima usingizi unaweza kuutumia kwa maandalizi. Jizoeze kwanza ukiwa peke yako, kisha mbele ya mwenzako mmoja unayemwamini, na usikatize katikati moyo unapopiga kwa kasi. Subiri mpaka utulie ukiwa bado umesimama. Ikiwa hata hivyo hofu itakuzuia kula, kulala au kutoka nyumbani, muone mtaalamu wa afya ya akili mapema.

Kuhusu wadhifa wenyewe, ushauri wangu ni kwamba ukubali, na katika kukubali kwako uombe uwasilishe sehemu moja tu ya taarifa katika kikao kijacho, kiongozi wa sasa akiwa angali karibu. Kikao kikiisha, niandikie swali lililokushinda kulijibu, tulitafakari pamoja.

Ni mimi mama yako akupendaye.